Ilivyopangwa, Ilivyokutwa

Jumatatu, 7 Juni 1999. Shinyanga

Kadi arobaini leo. Barabara ya sokoni yote mpaka kona ya stendi. Vidole vimejaa wino. Asubuhi upepo ulikuwa wa baridi, mafundi wakagoma kupanda nguzo hadi jua lipande kwanza. Nikawaacha, nami nina kazi ya mezani.

Niiandike hapa kazi yenyewe, maana ofisini hakuna anayeniuliza tena. Wakiniona na kadi wanakumbuka wana shughuli pengine. Swali langu ni hili: laini ya simu ni nini? Miaka yote tumeandika kitabuni "laini ya fulani". Fulani akihama, laini inabaki na jina lake. Akifa, marehemu anaendelea kuwa na simu. Namba, waya na mteja vimebanwa mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Ni vitu vitatu na kila kimoja kinabadilika kwa wakati wake. Kwa hiyo kadi tatu: ya namba, ya njia ya waya, ya mteja. Jambo moja linaandikwa mahali pamoja tu. Ukilihitaji kwingine, unaandika namba ya kadi lilipo.

Nimelifikiria hili tangu Pasaka. Nina furaha kama mtu aliyegawiwa kiwanja.

Jumatano, 9 Juni

Meneja kapitisha. Kadi zangu ndizo kanuni ya mkoa kuanzia leo. Kasema mbele ya watu wote, nikajifanya naangalia chini.

Ila kuna mtihani. Kahama inapata mtambo mpya wa simu, uko kwenye maboksi tayari. Jumapili, 11 Julai, kila waya unatolewa kwenye mtambo wa zamani na kuingizwa kwenye mpya, kwa kufuata kadi. Kadi zikisema kweli, mji utaamka na simu zake. Kadi zikidanganya, mtu atapiga zahanati apokelewe kwenye mashine ya mpunga.

Kahama ikienda vizuri, kadi zinakwenda Geita na Masumbwe, ambako wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu wanadai simu kila siku. Ikiharibika, Meneja ataita watu wa ofisi ya Kanda waje na vitabu vyao, nami narudi dawati la malalamiko. Nilikaa dawati lile miaka sita. Sirudi.

Alhamisi, 10 Juni

Siku nzima kuandika kanuni. Nimeandika, nimefuta, nimeandika.

Kadi ya njia ya waya ina safu tatu. Ya kwanza ILIVYOPANGWA: jinsi ofisi ilivyotaka waya upite, kabati gani la nyaya, nguzo gani, jozi ya ngapi, yaani nyuzi mbili za laini moja. Ya pili ILIVYOKUTWA: jinsi fundi alivyoukuta kwa macho yake na simu yake ya kupimia. Ni vitu viwili tofauti hivyo, na tumekuwa tukivichanganya tangu enzi na enzi. Ya tatu KOSA, na chini yake "Limefanywa na". Hii ya tatu nimeitunga mwenyewe na ninaipenda kuliko zote. Watu wawajibike.

Kanuni nyingine: watu wawili wasiandike kadi moja kwa wakati mmoja. Kila fundi ana kifuniko cha soda chenye jina lake. Ukichukua kadi, unatundika kifuniko chako kwenye msumari wake. Mwingine akikuta kifuniko, anasubiri. Na kadi ya zamani haichanwi. Inakaa mwezi mzima nyuma ya mpya, ili tukiharibu tujue pa kurudi.

Baba Limi kasoma rasimu akicheka peke yake. Ualimu umemharibu, anasahihisha hata nukta. Baadaye akaingia jikoni akatangaza: sukari, ilivyopangwa kilo mbili, ilivyokutwa vijiko vitatu, kosa limefanywa na Limi. Binti yetu hakucheka. Mimi nilicheka.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani. Kuosha. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando mchana. Kadi sikugusa hata moja. Mwili ulihisi ajabu.

Jumanne, 15 Juni

Kadi tupu zilikwenda Kahama wiki iliyopita kwa basi. Kule kazi anaiongoza Mzee Nkwabi. Yeye ndiye aliyesimamisha nusu ya nguzo za mji ule kwa mikono yake, na mafundi wote watatu waliopo amewafundisha yeye. Anastaafu mwishoni mwa Julai. Laini za Kahama zote ziko kichwani mwake, na ndiyo sababu ya kuzikimbiza zije kwenye kadi kabla kichwa hicho hakijaenda nyumbani kuchunga ng'ombe.

ILIVYOPANGWA kajaza yeye mwenyewe. ILIVYOKUTWA wanajaza mafundi wake. Kiongozi wao ni Shija, mtu makini, baba wa watoto wawili, kamuoa Kulwa binti wa Mzee.

Ijumaa, 18 Juni

Zimefika! Kadi mia nne na kumi na mbili kwenye boksi la sabuni, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwandiko safi. Nimezipitia zote, moja moja, nikasahau hata chai.

Kosa: sifuri. Kahama nzima, ilivyopangwa ndivyo ilivyokutwa.

Nimewanunulia soda ofisi nzima. Meneja kasema huyo ndiye Mzee Nkwabi, watu wa zamani walifanya kazi. Nimekubali. Nimetembea nyumbani nikiimba.

Jumapili, 20 Juni

Nafua, mikono ndani ya povu, nikaganda.

Shinyanga hapa nilipima mwenyewe. Kila laini sita, moja ilikutwa siyo. Mchwa wanakula nguzo, malori ya pamba yanagonga, mteja anahama anaondoka hata na waya. Kahama wana mchwa. Kahama wana malori kuliko sisi. Na Kahama sifuri?

Hakuna mji wenye sifuri. Nimemwambia Baba Limi. Kasema darasa zima likipata mia kwa mia, yeye hupeleka mtihani mwingine. Sikupenda kusikia. Ni kweli lakini.

Jumanne, 22 Juni. Kahama

Jana basi lilipasua tairi Didia, tukakaa pale mpaka mchana. Nimelala gesti karibu na ofisi.

Leo nimechukua simu ya kupimia na kadi kumi, nikaenda peke yangu kwenye nguzo ya nyuma ya mashine ya mpunga ya Bhai Sadru. Bhai Sadru mwenyewe alitoka kunitazama nikipanda, akaagiza kiti kiletwe, sijui kiti cha nini mtu akiwa juu ya ngazi. Nimepima jozi kumi. Tano si zilizoandikwa. Jozi ya kumi na nne, ambayo kwenye kadi ni ya duka la dawa, inaingia kwa Bhai Sadru. Nimempigia simu yake kutoka juu ya nguzo kwa jozi ya duka la dawa. Akakimbilia ndani akapokea, namwona dirishani chini yangu. Yeye aliona ni mchezo mzuri sana.

Nimeshuka. Siku kumi na tisa zimebaki.

Nina hasira. Walikaa wapi hawa watu na kadi zangu? Chini ya mwembe wakinakili?

Jumatano, 23 Juni

Hawakukaa. Ndiyo inayoniuma.

Nimemwita Shija pembeni, nikamwonyesha kadi kumi. Hakukataa wala hakubabaika. Kasema walipanda kila nguzo, walipima kila jozi, na tofauti wanazijua kwa kichwa. Nikamuuliza basi kwa nini hamkuandika. Akaigeuza kadi akaniwekea kidole kwenye safu yangu ya tatu.

"Mama Limi, hapa pameandikwa kosa, limefanywa na nani. Nguzo hizi alizifunga Mzee. Niandike jina la baba mkwe wangu, nitie sahihi, nikupe uende nalo kwa Meneja?"

Wale wengine wawili nao walisimama mlangoni wakitazama viatu. Wao si wakwe, lakini Mzee aliwashika mkono walipokuwa hawajui hata koleo. Kuandika kwamba waya hauko alikosema ni kumwita mwongo kwa wino, wiki tano kabla ya kustaafu. Basi wakanakili safu ya kwanza kwenye ya pili. Si uvivu. Kwa mtazamo wao walikuwa wakifanya jambo jema.

Safu ile niliitunga mimi. Nilikuwa naipenda kuliko zote.

Alhamisi, 24 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Nkwabi. Anakaa pembeni ya mji, jirani na zahanati. Nilikuwa na hofu kama mwali. Kutamka mbele ya mzee kwamba kazi yake haiko ilivyoandikwa, nitaanzia wapi?

Shikamoo, marahaba, mwadila ya Kisukuma, watoto, mvua, bei ya pamba. Mkewe kaleta wali na maziwa. Sebuleni simu yake imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, haina vumbi. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta nasifu wali.

Jua likapungua, ng'ombe wakarudi. Mdogo wake Maganga ndiye mchungaji. Mzee akasimama mlangoni mwa zizi akawaacha wapite mmoja mmoja. Hahesabu kwa sauti. Anawatazama tu. Wa mwisho alipoingia akasema yule mwekundu wa pembe iliyovunjika hajarudi. Maganga akachukua fimbo akarudi njia aliyotoka. Basi. Hakuna aliyefoka. Haukupita muda mrefu, kamrudisha, alikuwa kajichanganya na mifugo ya jirani.

Nikamuuliza Mzee mbona hakutaka kujua nani alimwacha nyuma.

"Nikianza na hilo, kesho ataniambia wamerudi wote."

Alisema akifunga zizi, wala hakuniangalia. Mimi nikasimama pale na kikombe mkononi. Kisha nikamwambia yote. Kadi, safu, nguzo ya Bhai Sadru, woga wa Shija. Nikamwambia kosa ni la kwangu niliyeweka safu ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanisindikiza mpaka barabarani akaniaga vizuri kabisa, na hiyo heshima yake ndiyo iliyonitisha.

Ijumaa, 25 Juni

Mzee hakuja kazini. Shija kasema anaumwa mgongo. Hakuna aliyeamini, hata aliyesema.

Nimempigia Meneja nikamwambia sifuri ile si kweli. Halafu kauliza kama Kanda waje. Nikaomba wiki mbili. Kanipa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshika simu nyingine mkono wa pili.

Najisikia vibaya. Nimemuumiza mzee wa watu kwa sababu ya mistari.

Jumamosi, 26 Juni

Nimeamka na wazo, nimelifanyia kazi kabla ya chai.

Safu ya tatu nimeifuta kwenye kadi zote. Kosa halipo tena, na "Limefanywa na" halipo tena. Mahali pake pana neno moja: INATAFUTWA. Maana yake waya haukukutwa ulipopangwa, na mtu katoka na fimbo. Ukishapatikana unaandika uko wapi na tarehe. Nani aliupoteza, kadi haiulizi.

Mia nne na kumi na mbili kwa mkono ningezeeka. Shija kachukua ndala ya zamani akachonga muhuri kwa wembe, herufi kinyumenyume, kakosea T mara mbili. Tumegonga mpaka saa nane mchana. Muhuri unatoa harufu ya mpira. Tumekula mahindi ya kuchoma. Mafundi wameanza kutaniana tena, na mimi nimetaniwa kwa ngazi yangu ya Bhai Sadru.

Lakini bila Mzee hawataandika. Naliona usoni mwao.

Jumatatu, 28 Juni

Kaja.

Saa moja na nusu, koti lake la kazi, koleo mfukoni. Tukamwamkia. Akachukua kifuniko chake cha soda, akakitundika kwenye msumari wa kabati la kwanza. Tukatoka watano kwa miguu hadi nguzo ya Bhai Sadru. Akapanda mwenyewe, umri ule. Akapima jozi ya kumi na nne. Sote chini tumenyanyua shingo. Shija ndiye aliyeshika kadi.

"Nilipanga mimi iende duka la dawa," Mzee akasema kutoka juu. "Waya unasema mashine ya mpunga. Andika waya."

Shija akaandika. Baada ya hapo hapakuwa na shida tena, jamani, wakafunguka kama mfereji. Hii ilikufa mvua zile, tukahamishia hapa. Hii iligongwa na lori. Hii Mzee aliigawa wakati wa harusi ya nani sijui. Nguzo nne kabla ya chakula.

Mchana nilimuuliza Mzee kwa nini safu ya kwanza aliijaza kwa mpangilio wa zamani, naye anajua ulivyobadilika. Akasema zamani mkaguzi akikuta tofauti fundi anakatwa mshahara. Wakajifunza. Karatasi ikawa ya wakubwa, waya wa watu. Nikaandika maneno hayo nyuma ya kadi ili nisiyasahau.

Ijumaa, 2 Julai

Makabati matatu kati ya matano. Tofauti sabini na moja mpaka sasa. Ninazipenda zote. Wiki mbili zilizopita nilifurahia sifuri, na sasa kila INATAFUTWA ikijazwa nafurahi zaidi.

Kaja broka mmoja wa dhahabu kutoka machimboni, saa kubwa, viatu vyenye vumbi jekundu. Anataka namba yenye saba tupu. Nikamweleza kuwa namba ni kadi moja na waya ni kadi nyingine, anaweza kupata namba anayotaka bila kugusa waya. Amenisikiliza kwa heshima kubwa halafu kauliza kama mimi ni mhasibu.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu, tumefanya kazi nusu siku kwa hiari. Nimesema hiari, Shija kaguna.

Imebaki nguzo moja tu, ya mwisho kabisa, kwa Mzee. Ina laini mbili: ya nyumbani kwake na ya zahanati. Tulipoikaribia, Mzee kasema hii iacheni, naijua, nitaijaza mwenyewe. Jua kali, miguu inawaka. Nikamwachia. Jioni kaleta kadi mbili zimejazwa, ilivyopangwa ndivyo ilivyokutwa. Nikazitia kwenye boksi.

Jumla: tofauti tisini na saba, zote zimepatikana. Nimempigia Baba Limi. Kasema nyumbani sukari iko ilivyopangwa.

Jumamosi, 10 Julai

Mtambo mpya umesimama, umewashwa, unavuma kidogo. Ukitazama unaona kabati la kijivu tu. Meneja kafika na gari kutoka Shinyanga. Kila kitu kimepangwa kwa kadi: Shija anasoma, wawili wanahamisha, mimi nahakiki kwa kupiga. Mzee anasimamia.

Nimekula ndizi moja tu tangu asubuhi.

Jumapili, 11 Julai

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mji ukiwa kanisani au kitandani. Shija anasoma kadi, waya unatolewa, unaingizwa, napiga. Anapokea mtu. Namuuliza hapo ni kwa nani. Anataja. Nagonga alama. Inayofuata. Sauti za usingizi, sauti za watoto, Bhai Sadru anauliza kama niko juu ya nguzo. Mia moja. Mia mbili. Saa nne mia tatu. Sikuwa na mwili tena, nilikuwa sikio tu.

Saa sita kasoro kadi ya zahanati. Nikapiga. Inaita. Inaita. Hakuna anayepokea. Nikajiambia wauguzi wana wagonjwa, tukaendelea. Nikarudia. Inaita tu.

Meneja alikuwa na raha, kasimama karibu na simu ya pili. Akasema ngoja nimpongeze mke wa Mzee, mumewe kafanya kazi. Akapiga namba ya nyumbani kwa Mzee Nkwabi. Ikapokelewa papo hapo. Meneja akabadilika uso. Akaniambia kuna muuguzi hapa anasema ni chumba cha wazazi.

Nikaichomoa kadi ile. Ilivyopangwa, ilivyokutwa, sawasawa, mwandiko wa Mzee. Na chini, sahihi ya uhakiki: yangu. Nguzo pekee ya Kahama ambayo sikuipanda.

Mzee akavua kofia. Akaanza kumwambia Meneja, kisha akageuka akaniambia mimi. Waya wa zahanati ulioza zamani, miaka mingi, na mjamzito mmoja alikesha bila gari kwa sababu simu ilikuwa kimya. Ofisi ilikuwa haina waya wa ziada. Kesho yake akachukua wake akawafungia.

"Mbona hukuandika, Mzee? Zote tisini na saba umesema."

"Simu ile ni ya ofisi, nilipewa kwa kazi. Nilijua mkiandika, mtanirudishia waya wangu. Na wao?"

Miaka yote ile. Kitambaa cheupe, simu safi, haikulia hata mara moja. Akihitajika alikuwa anatumwa Shija kwa baiskeli, na sisi tukaona ni kawaida tu.

Nikaenda kwenye mtambo. Jozi mbili, kubadilishana. Dakika ngapi? Tatu. Kwa sababu kadi inaonyesha njia nzima, unajua waya gani wa kushika. Nikapiga zahanati. Akapokea muuguzi yule yule, kachoka na sisi. Nikaandika ILIVYOKUTWA kwa mkono wangu. Kwenye kadi ya Mzee nikaweka alama chini ya muhuri wa ndala. Inatafutwa.

Mia nne na kumi na mbili. Saa tisa alasiri tumemaliza.

Nililia kidogo chooni. Si huzuni.

Jumatatu, 12 Julai

Meneja kanipa lifti mpaka Shinyanga. Njiani kasema kadi zinakwenda Geita mwezi ujao, na Masumbwe baada yake, na nianze kufundisha. Nikasema sawa, kwa sharti. Akauliza sharti gani. Nikasema Mzee Nkwabi apelekewe waya mpya nyumbani kwake kabla hajastaafu, na wa zahanati usiguswe. Akaangalia dirishani mpaka tukapita Didia. Kisha akasema andika.

Nimeongeza kanuni moja. Anayehakiki lazima apande nguzo. Hata ya mzee. Hasa ya mzee.

Alhamisi, 15 Julai

Nyumbani. Mboga ya mgagani, ugali, samaki wa ziwa. Limi ana mtihani wa hesabu na hataki nimsaidie. Baba Limi ananikuna mgongo akisoma gazeti. Nimefua koti la kazi, maji yametoka mekundu mara tatu.

Nina raha. Nimeandika tu ili niikumbuke.

Jumatano, 28 Julai

Shija kapiga kutoka Kahama. Waya wa Mzee umefika. Nguzo mbili mpya, jozi ya arobaini. Wamepanda wote watatu kuipima, kila mmoja kwa zamu yake, na Mzee kasimama chini akiwakosoa. Nikamwambia Shija aandike tarehe kwenye INATAFUTWA. Kasema Mzee keshaandika mwenyewe.

Ijumaa, 30 Julai

Siku ya mwisho ya Mzee kazini. Walimpa redio na blanketi. Sikwenda, nilikuwa nafungasha kadi tupu za Geita.

Saa kumi na moja jioni, ofisi imebaki na mimi na mfagizi. Simu ikalia. Sauti niliijua kabla haijataja jina. Nikaamkia. Akaitikia. Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Mama Limi. Zimerudi zote?"

"Zote, Mzee."

"Haya. Funga zizi, nenda kwa watoto."

Nikaweka simu. Boksi la Geita nimelifunga kwa mpira wa baiskeli ule ule. Nimefunga kabati, nimechukua kikapu, nimekwenda nyumbani.